Kupita Tu Ilala

Mke wangu Zuhra, ambaye ni muuguzi huko Kibondo na huonekana nyumbani kwetu Kasulu siku za mapumziko tu, aliinunua ziara hiyo bila kuniuliza. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilikuwa imeanza kuwauzia watu wa mbali saa moja ya jiji: mwongozaji hutembea na simu yake, mteja huketi kwake na kutazama. Tangazo lilisema kwamba ziara ni ya faragha na kwamba mteja ndiye anayeamua pa kwenda. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na miwili, na katika muda huo sijapata kumwona mteja anayeamua jambo lolote. Lakini aliyenunuliwa ziara alikuwa mama mkwe wangu, Bi Zena, na katika mambo ya mama mkwe mtu mwenye adabu hatoi maoni.

Bi Zena alizaliwa Ilala. Alikuja Kasulu mwaka 1978 na mume wake, muuza vitambaa, aliyemwahidi kwamba wangekaa miaka miwili. Mume amezikwa hapa. Mwezi wa tano mwaka huu, daktari wa macho alimpima na kumweleza kwamba presha ya jicho imekwisha kuliua la kulia, na kwamba la kushoto limebakiwa na tundu dogo katikati, ambalo nalo linafumba. Hakutaja tarehe. Alisema tu kwamba kama kuna kitu anatamani kukiona, asikiahirishe.

Alichotamani kukiona kilikuwa kimoja: nyumba ya wazazi wake nyuma ya Soko la Ilala, na kama ndani yake angali anaishi dada yake, Firdausi. Walikuwa hawajasemezana tangu mwaka 1989. Mwaka huo mama yao alifariki, na Bi Zena akasafiri kwa treni kutoka Kigoma siku tatu, akafika na kukuta maiti imezikwa siku ile ile ya kifo, kama dini inavyotaka. Alijua dini inavyotaka. Hata hivyo, alipoletewa sahani ya wali wa hitima aliimwaga barazani mbele ya waombolezaji wote, akarudi stesheni. Habari hizo alinipa Zuhra. Bi Zena mwenyewe hajawahi kuzitaja.

Tulimshauri apande basi, akakataa. Tulimshauri tutafute namba ya simu, akakataa zaidi.

"Nikienda, nimekwenda kwake," alisema. "Nikipiga simu, nimebisha hodi. Mimi nataka kupita tu. Mtalii hupita, Mwalimu. Hakuna anayemuuliza mtalii amefuata nini."

Niliiona hoja hiyo kuwa imejengeka vizuri. Ilikuwa na kasoro moja, na mtu wa elimu yangu alipaswa kuigundua kabla ya siku yenyewe.

Niliiandikia kampuni ujumbe wa aya tatu. Nilieleza kwamba mteja ni mzee aliyebakiwa na jicho moja, nalo bovu, kwamba hahitaji historia, majengo wala bahari, na kwamba mwongozaji aende Ilala moja kwa moja. Walinijibu kwa picha ya kidole gumba. Nilikichukulia kidole hicho kuwa ni mkataba.

Alhamisi, saa kumi kamili alasiri, tuliketi sebuleni. Kwa kuwa mtandao katika nyumba yetu hupatikana vizuri karibu na mlango wa mbele tu, tuliketi mlangoni, na mlango ulikuwa wazi. Bi Zena alikishika kishikwambi mwenyewe. Alikisogeza hadi kikabaki shubiri moja kutoka kwenye jicho la kushoto, kwa sababu nje ya shubiri hiyo hakioni. Mimi niliegemea begani kwake, kwa umbali unaoruhusiwa mkwe.

Akatokea mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenye kofia ya kampuni na meno mengi. "Karibuni sana jijini. Mimi naitwa Hilali. Nyuma yangu mnaiona Sanamu ya Askari, ambayo ilisimikwa na Wajerumani."

"Waingereza," nikasema. "Mwaka 1927. Tuelekee Ilala."

"Ahaa, kumbe nina msomi leo. Ilala ipo, mzee wangu, haihami. Kwanza tuimalize ratiba."

"Niliandika ujumbe."

"Ujumbe wako umefika, mzee. Umepokelewa kabisa."

Aliizunguka sanamu mara mbili. Alitueleza uzito wake, ambao sikuuamini. Kisha akatembea hadi kwenye kanisa la Kilutheri linalotazama bahari, ambalo kweli ni la Wajerumani, na akasema lilijengwa na Waingereza, nadhani kwa kunifurahisha. Zilikuwa zimekwisha dakika kumi na saba. Mara moja tu Bi Zena aliuliza, "Hapo ndipo Ilala?" nikamjibu, "Bado, Mama."

Wakati huo akaingia Epifania.

Epifania ni jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, muuza maharage, ambaye wazazi wake walikimbia Burundi mwaka 1972 na ambaye ni Mtanzania kuliko wengi ninaowafahamu. Kwa watu wa nyanda hizi, kuupita mlango ulio wazi bila kusalimu ni tusi, na salamu yenyewe ina mwanzo, katikati na mwisho. Alimsalimu Bi Zena, akanisalimu mimi, akaona kwamba kwenye kioo kuna mtu wa tatu. Akapiga makofi mawili laini, akainama, akamsalimu kwa Kirundi.

"Mwiriwe, bwana. Amahoro?"

"Poa, mama," Hilali akasema. "Sasa, madirisha haya mnayoyaona—"

"Hajajibu," Epifania akaniambia. Akaanza upya, kwa sauti ya juu kidogo, kwa kudhani umbali ndio tatizo. "Mwiriwe? Nyumbani hawajambo? Wazazi wapo?"

"Mama yupo. Mzee alishatangulia."

"Pole sana, mwanangu. Lini?"

Hilali akasimama. Nadhani hakuna mteja aliyewahi kumuuliza hivyo. "Mwaka juzi, mama. Mwezi wa Ramadhani."

"Aliugua?"

"Aliugua kidogo tu."

"Epifania," nikasema, "tuna saa moja tu, na theluthi imekwisha."

"Mwalimu, mtu amefiwa na baba yake." Akamgeukia tena. "Na ng'ombe? Aliacha ng'ombe?"

"Hatuna ng'ombe, mama. Tunaishi Mbagala."

"Pole sana," Epifania akasema, kwa huzuni kubwa kuliko ile ya kwanza.

Ziliondoka dakika sita. Kwa haki, lazima niseme kwamba baada ya salamu hiyo Hilali hakuitaja tena ratiba. Aliuliza, kwa sauti nyingine, "Bibi, hiyo Ilala unayoitaka ni upande gani?" na Bi Zena akajibu, "Nyuma ya soko. Panda kitu, uende." Hilali akaita bajaji.

Bajaji ilikuwa haijafika mbali pale kioo kilipozima na kuandika jina la mke wangu. Zuhra alikuwa anapiga kutoka Kibondo.

"Mmeshafika?" aliuliza.

"Tulikuwa tunakwenda, mpaka ulipopiga."

"Mama anafurahi?"

"Zuhra, kata simu."

"Mbona unakuwa mkali? Nimeuliza tu kama mama anafurahi."

Nilimkatia mimi, jambo ambalo nimelilipia tangu siku hiyo. Kumpata Hilali tena kulichukua dakika nne. Alipopatikana alikuwa amekwama karibu na Kariakoo nyuma ya mkokoteni wa mabomba, na simu aliigeuzia usoni kwake, hivyo jiji lote lilikuwa pua ya Hilali. Nikamwomba ageuze. Akageuza, tukaona mabomba.

Dakika kumi na moja kabla ya mwisho alishuka Ilala. Tangu hapo sikuwa na kazi, kwa kuwa Bi Zena alianza kuongoza.

"Nenda mbele. Kushoto kwako pana kinyozi."

"Hapana kinyozi, bibi. Pana ghorofa."

"Lipite. Mtaa wa pili, kata kulia. Pana mti wa mkungu."

"Hakuna mti."

"Kata hivyo hivyo."

Alikuwa akilisogeza jicho juu ya kioo taratibu, kwa sababu tundu lake huona kipande tu, na kipande kimoja hakina budi kushonwa na kingine. Alikata kulia mara mbili katika mji ambao haukuwepo tena. Nilikuwa nimekwisha kutunga maneno ya kumpoza pale aliposema, "Simama. Rudisha chini. Chini kabisa."

Hilali akaishusha simu. Kati ya ukuta mpya na duka la vipuri kulikuwa na nyumba fupi, mlango wa chuma, na mbele yake baraza la saruji nyekundu, limepasuka pembeni.

"Baraza," Bi Zena akasema.

Hakuomba kuonyeshwa kitu kingine. Alikaa na saruji hiyo kwa dakika nzima, shubiri moja kutoka jichoni, na Epifania, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, akainama kutazama naye. Zilibaki dakika tatu. Kwa hesabu yangu tulikuwa tumefaulu, na nilikuwa nimeanza kupumua.

Mlango wa chuma ukafunguka. Akatoka bibi mrefu, mwembamba, mwenye ndoo tupu mkononi.

"Wewe unapiga picha nyumba ya nani?"

"Shikamoo, bi mkubwa," Hilali akasema. "Hakuna baya. Ni ziara tu. Nina mteja wangu anatazama."

"Yuko wapi huyo mteja?"

"Huyu hapa," Hilali akasema, na akamgeuzia simu.

Hapo ndipo nilipoiona kasoro. Bi Zena alikichukulia kishikwambi kama televisheni, ambayo hutazamwa na haitazami. Nilinyoosha mkono niizibe kamera, lakini mkono wa mkwe hauwezi kupita mbele ya uso wa mama mkwe, nao ukabaki hewani. Bi Firdausi, kwa maana hakuweza kuwa mwingine, aliisogelea simu. Kwa jinsi kishikwambi kilivyokuwa karibu, alichokiona hakikuwa uso. Lilikuwa jicho moja, lenye ukungu, limejaa kioo chote.

"Hili jicho la nani?" akauliza.

Bi Zena hakukisogeza kishikwambi wala hakupepesa. Nilitumaini kwamba sekunde zilizobaki zitapita katika kimya hicho, sote tubaki na heshima zetu. Lakini palikuwa na mtu mpya kwenye kioo, na mtu huyo alikuwa hajasalimiwa. Epifania alijipenyeza kati yetu, akapiga makofi mawili laini.

"Mwiriwe, mama. Amahoro? Hapa ni Kasulu, kwa Bi Zena. Hajambo, ila macho yanamsumbua. Na nyie hapo, hamjambo wote?"

Bi Firdausi aliiweka ndoo chini. Alilitazama jicho kwa muda ambao sikuupima, ingawa saa ilikuwa mbele yangu.

"Simjui," akasema. Kisha akaongeza, "Na mwambieni barazani hapa palishamwagwa vya kutosha."

Kioo kikageuka samawati. Ilikuwa saa kumi na moja kamili. Kampuni ilitushukuru kwa kusafiri nayo na ikatuomba tuchague idadi ya nyota.

Bi Zena alikilaza kishikwambi mapajani. Nilimwomba radhi kwa niaba ya kampuni, ya mtandao, ya Zuhra na ya jirani. Nilimweleza kwamba nitaandika barua, na kwamba barua hiyo haitakuwa ya aya tatu.

"Ameniona?" aliuliza.

"Ameliona jicho, Mama."

"Amezeeka?"

"Sana."

"Sauti haijazeeka. Hajabadilika."

"Anasema hakujui," Epifania akasema. "Sasa asiyekujua amejuaje kuna kitu kilimwagwa?"

"Wewe nenda kauze maharage," Bi Zena akamwambia, bila ukali.

Nilikuwa katika aya ya nne ya barua yangu, karibu na magharibi, pale ujumbe wa Hilali ulipoingia. Ziara, alikumbusha, huambatana na picha moja ya kumbukumbu. Aliomba samahani kwa kuichelewesha. Alikuwa anaondoka, aliandika, bi mkubwa akamwita arudi, akamuuliza kama picha hiyo inapelekwa kule kule kwenye jicho. Alipomwambia ndiyo, alimwamuru asipige mpaka abadilishe kanga, na kubadilisha kulichukua nusu saa.

Katika picha Bi Firdausi amesimama katikati ya baraza, ndoo imeondolewa. Amevaa kanga mpya nyekundu, ambayo mikunjo ya kabatini bado inaonekana. Hatazami kamera. Ametazama upande, kama mtu aliyepigwa picha kwa bahati mbaya.

Nilimpelekea Bi Zena. Alimpitia dada yake kipande kwa kipande, kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akarudi kiunoni.

"Imeandikwa nini?"

Nilikuza picha. Maneno ya kanga yalikuwa yamefungwa ndani ya mkunjo. Herufi tatu tu zilibaki nje, na herufi tatu zinaweza kuwa sala au matusi.

"Hayasomeki, Mama. Yamekunjwa."

"Ameyakunja makusudi," akasema. "Agiza tena."

"Ziara?"

"Alhamisi ijayo. Na umwambie Hilali asipitie kanisani."

Sikumkumbusha habari za tundu linalofumba, wala hakunikumbusha. Niliifuta barua ya malalamiko, nikaandika ujumbe mwingine: mteja ni yule yule, mwongozaji awe yule yule, aanzie Ilala, amalizie Ilala, asitoke Ilala. Nikauliza kama nimeeleweka.

Kampuni ikajibu kwa kidole gumba.