Kiatu kwa Kikombe

Mtaro wa mbele ya jengo ulipofura na kutapika maji hadi ukumbini, hakuna aliyehitaji kupiga ramli. Vikombe vya plastiki vilielea mlangoni kama bata, na vyote vilikuwa vimetoka kwenye meza ya juisi ya Shangazi, pale chini ya ngazi.

Meneja wa jengo, ambaye wapangaji walimwita Bwana Funguo kwa kuwa mlio wa funguo za kiunoni ulifika kabla ya sura yake, alikunja suruali na kumfuata.

"Shangazi, Ijumaa nakuja kuukagua mtaro huu. Nikikuta kikombe chako hata kimoja, beba blenda yako ukatafute ngazi nyingine."

Ngazi nyingine! Yenye ghorofa nne za watu wenye kiu angeitoa wapi? Jioni ile ile Shangazi alinunua vikombe arobaini vya bati, vyeupe, vyenye waridi jekundu ubavuni.

Wifi yake, mke wa kaka yake, aliyemsaidia kuosha vyombo, alikigeuza kimoja mkononi akaguna.

"Wifi, hivi ni vizuri mno."

"Kizuri kina kosa gani?"

"Kizuri hakirudi. Mimi nilikuja kwenu kusalimia tu, mpaka leo kwetu wananingoja."

Shangazi alicheka. Jumatatu alicheka tena, wateja walipopanda na vikombe vyao wakisema, "Narudisha sasa hivi, Shangazi." Jumatano asubuhi alivihesabu: kumi na kimoja. Kicheko kikamkauka.

"Hawa hawakunywa juisi," Wifi alisema. "Wamekula na vikombe."

Bila vikombe angerudi kwenye plastiki, na plastiki ingerudi mtaroni. Shangazi akajifunga kibwebwe, akachukua ndoo tupu, akapanda. Ghorofa ya kwanza wahasibu walikuwa wamevijaza kalamu. Ya pili, karani wa wakili alikuwa ameotesha ua ndani ya kikombe cha waridi. Ya tatu, fundi wa kompyuta aliweka skrubu zake humo, akaapa kwamba kikombe kilikuja chenyewe. Ya nne, mlango wa Bwana Funguo ulikuwa wazi, na mezani pake palikuwa na vikombe viwili, kimoja kikiwa na mswaki.

"Hivi niliviokota," Bwana Funguo alisema upesi.

"Uliviokota vikiwa na juisi ya pasheni?"

Alikohoa, akatazama dari. Shangazi akatia vyote viwili ndooni, mswaki akamwachia.

Hapo akaingia fundi bomba akichechemea, mguu mmoja una soksi tupu, akarudisha ufunguo wa stoo. Bwana Funguo aliutundika ukutani, akainama, akatoa kiatu cha kushoto chini ya meza na kumkabidhi.

"Makubwa! Hii nayo ni nini?" Shangazi aliuliza.

"Anayeazima ufunguo anaacha kiatu," Bwana Funguo alisema, fahari ikimrudia. "Mwaka wa tisa huu, hakuna ufunguo uliopotea. Mtu husahau ahadi, Shangazi. Kiatu chake hasahau."

Shangazi aliikumbatia ndoo yake, akashuka ngazi mbilimbili.

Alhamisi meza yake ilikuwa na kibao cha boksi: UKINYWEA HAPA, KARIBU. UKIPANDA NA KIKOMBE, ACHA KIATU.

"Jamani Shangazi, soksi yangu imetoboka!" mhasibu mmoja alilalama.

"Basi nywea hapa hapa, mwanangu, tusitiriane."

Kufikia saa sita, viatu kumi na sita vilikuwa vimejipanga chini ya meza kama askari wa gwaride, na ngazi zililia ko-pwa, ko-pwa, za watu wanaoteremka mbio na kiatu kimoja. Hakuna kikombe kilichokawia robo saa.

Ijumaa mlio wa funguo ulitangulia. Bwana Funguo aliinama mtaroni, akatumbukiza mpini wa ufagio, akakoroga huku na huku. Maji yalipita yakaenda zake. Alikagua amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, mguu wenye soksi ameuinua usiguse tope.

"Mtaro safi," alitangaza. "Blenda ibaki."

"Ahsante, Bwana Funguo. Na kikombe changu?"

"Kiko juu. Nakirudisha sasa hivi."

Wifi alikichukua kiatu cheusi chini ya meza, akakipuliza vumbi, kisha akakirudisha palepale.

"Haya," Shangazi alisema akiwasha blenda, "na kiatu nacho utakipata sasa hivi."