Alama Ndani ya Kifuniko

Mikono yangu ilianza kutetemeka mwaka aliofariki mume wangu, Numa, na tangu hapo kila mwenye mdomo hapa kijijini kwetu La Brévine ana ushauri. Mke wa mchungaji aliniambia ninywe chai ya maua. Daktari aliniambia nipunguze kahawa na niachane na vitu vidogo vidogo. Mwanangu Yvan yeye alikuja na boksi.

Lilikuwa boksi jeusi lenye sponji ndani, la kiwandani kwao Le Locle, anakotengeneza saa za matajiri. Alikuja nalo Jumapili moja ya Machi, theluji bado imefika madirishani, kuichukua saa ya babu yake.

Niseme mapema kwamba mimi na Numa hatukuwa mafundi saa. Tuliuza maziwa na jibini maisha yetu yote. Saa zilikuwa burudani yetu ya kipupwe, ng'ombe wakiwa zizini na barabara imefungwa. Wenzetu walicheza karata, sisi tulinunua saa zilizokufa kwenye minada ya mali za marehemu, tukazifungua dirishani kwenye mwanga na kuzifufua. Numa alifungua, mimi nikasafisha na kuunga. Nyingi ya zile alizosifiwa yeye zilipita mikononi mwangu, na sikuona haya kuwakumbusha watu.

Hii ya baba mkwe ilikuwa saa ya mfukoni, ya fedha. Ilimponyoka Numa kwenye sakafu ya zizi na ikasimama papo hapo. Alipokuwa mgonjwa alinishika mkono akasema amemwahidi Yvan itamfikia ikiwa inatembea. Tatizo lilikuwa mhimili, yaani kile kijiti cha chuma kinachobeba gurudumu linalopiga tik-tak. Ncha yake ilikuwa imekatika. Kwenye makopo ya Numa nilikuta mihimili miwili ya kufaa. Wa kwanza niliuvunja mwezi Januari, mkono uliporuka wakati nalirudisha gurudumu mahali pake, na bahati mbaya Yvan alikuwa amesimama nyuma yangu. Ukabaki mmoja, na mwingine wa aina hiyo haupatikani popote.

Yvan alinieleza mpango wake kwa upole, kama anayembembeleza mtoto anywe dawa. Kiwanda kingemfanyia hisani. Wangetoa mashine yote ya ndani na kuweka mpya, wangebadilisha uso wenye nyufa, wangeing'arisha nje na ndani, na ingerudi kama imetoka dukani jana.

Nikamuuliza kuhusu ndani ya kifuniko cha nyuma. Akatazama pembeni, maana alijua ninachouliza.

Huku kwetu milimani, anayeifungua saa na kuiponya hukwaruza alama yake ndani ya kifuniko kwa sindano, ndogo sana, mahali asipopaona mwenye saa. Mle ndani mna alama ya baba mkwe. Mna kisamaki cha fundi fulani wa Fleurier ambaye hakuna anayemkumbuka. Mna N ya Numa yenye mkia mrefu, ambayo aliikwaruza mwaka uleule tuliooana. Kiwandani kwa akina Yvan alama ni mwiko, ukikwaruza unafukuzwa kazi. Wangepitisha mashine ya kung'arishia, na mume wangu angeondoka na vumbi.

Nikamwambia saa haiendi popote.

"Mama, sikio la kufa halisikii dawa."

"Langu halijafa. Kaa ule."

Akala viazi na soseji yangu ya moshi, na alipomaliza akasema lile lililomkaa moyoni. Nikiuvunja mhimili wa mwisho, baba yake atakuwa ameahidi bure. Hapo aliniumiza, kwa sababu ilikuwa kweli. Tukapatana nijaribu mara moja, mbele yake. Nikishindwa, saa inaingia kwenye boksi na meza ya kazi ya Numa inauzwa.

Nikavaa aproni ya ngozi, ile ambayo upindo wake wa chini unauchomeka kwenye meza ili kinachoanguka kidondokee mapajani. Nikaweka lenzi jichoni na viwiko juu ya meza, ambayo inanifika kifuani. Gurudumu na mhimili wake mpya lilikuwa tayari, linaning'inia kwenye kipande cha shaba tunachokiita daraja. Kazi iliyobaki ilikuwa kulishusha ndani ya saa, ncha nyembamba kuliko unywele ziingie kwenye vijitundu vya vijiwe vyekundu vinavyozishika, kisha kufunga daraja kwa skrubu.

Nilifanya kama tulivyofundishwa wote. Saa inabanwa mezani isitikisike, mkono ndio unaoifuata. Na mkono wangu ulipoifuata, gurudumu lilicheza juu yake kama nzi juu ya ndoo ya maziwa. Nyuma yangu nilisikia Yvan amezuia pumzi. Nikarudi nyuma haraka kabla sijaharibu, na kibano nilichoshika kikaigonga skrubu mezani ikaruka.

Nyumbani kwetu kitu kikiruka hakuna anayesogea. Yvan akaganda na mguu mmoja hewani, jitu zima lenye mvi, kama alivyokuwa akiganda akiwa wa miaka mitano. Akavua viatu polepole, akapiga magoti na kuanza kutambaa.

"Ukitaka cha mvunguni sharti uiname," nikamwambia.

"Mama, usinichekeshe, nitaimeza."

Kumbe skrubu ilikuwa kwenye mkunjo wa aproni yangu. Nilishaiona, lakini nilimwacha atambae kidogo, nilihitaji kukaa peke yangu na hasira zangu. Niliikasirikia mikono, nikamkasirikia daktari na boksi lile jeusi. Macho yakaangukia kitini, kwenye soksi niliyokuwa nafuma. Soksi nzuri tu, haina tundu wala fundo. Nimeifuma kwa mikono hii hii inayotetemeka, na sindano hazijakosana hata siku moja, kwa sababu zinatetemeka pamoja. Mikono yangu ilikuwa inagombana na meza.

Nikafungua kibanio cha mezani, nikaishika saa kwa mkono wa kushoto, nikainua.

"Rudisha mezani," Yvan akasema kutoka sakafuni. "Saa haishikwi hewani."

"Nani kasema?"

"Kila mtu."

"Basi kila mtu akatengeneze ya kwake."

Nikaegemeza vidole vya kulia juu ya vidole vya kushoto, vikabanana barabara. Nilitetemeka kama kawaida. Lakini saa ilitetemeka na kibano kikatetemeka nayo, na ndani ya lenzi, mbele ya jicho langu, vyote viwili vilikuwa vimetulia. Nilishusha daraja. Nikalisukuma kidogo, nikangoja, nikasukuma tena. Nilisikia zaidi kuliko kuona ncha zinaingia, na gurudumu likaanza kwenda na kurudi lenyewe. Nikakandamiza daraja kwa kidole gumba cha kushoto, nikachukua skrubu kwenye aproni, nikafunga.

Yvan aliiona inatoka kwenye aproni. Alikuwa bado amepiga magoti, sikio limekaribia saa, na mimi nililia bila kujificha, kwa furaha na kwa ushindi, zaidi kwa ushindi.

Kisha nikachukua kifuniko na sindano. Akaniuliza kama anishikie mkono, nikamwambia auweke wake mfukoni. Nikakwaruza B, B ya Bluette, jina langu, chini ya mkia wa N ya Numa. Imepinda vibaya, tumbo la juu limelalia la chini. Nimeiacha hivyo hivyo. Atakayeifungua ajue mkono uliomtangulia ulikuwa wa namna gani.

Yvan alizisoma alama zile kwa muda mrefu, akizigeuza kwenye mwanga. Amefungua saa nyingi kuliko sisi sote, na hakuna hata moja yenye jina lake. Taratibu akanyoosha mkono kuchukua sindano.

Nikaivuta.

"Leo hujafanya kitu, mwanangu. Umetambaa tu."

Akacheka, lakini macho yalikuwa mekundu.

"Nimekuachia nafasi hapo chini," nikamwambia. "Ikisimama tena, uifungue mwenyewe, kwenye meza hii. Si kule kwenu."

Aliondoka na saa kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, na kila akipiga hatua kwenye theluji aliugusa. Boksi alilisahau, au alijifanya kusahau. Sponji yake ni nzuri sana, nachomeka humo sindano zangu za kufumia.