Hapo Tu

Mtaani kwetu mtu akikutana na mwenzake njiani humuuliza, "Unakwenda wapi?" na mwenzake hujibu, "Hapo tu." Mambo yanaishia hapo. Huulizi hapo ni wapi. Ukiuliza ni sawa na kumvua mtu nguo barabarani. Marehemu mume wangu alitoka na pajama zake kwenye mfuko, anakwenda kulazwa hospitali kule Akita mjini. Jirani akamuuliza, akajibu hapo tu. Hakurudi, na mpaka leo hakuna aliyesema kwamba alidanganya.

Kwa hiyo Kenkichi, kinyozi wetu, alipotoa kiti chake cha kunyolea akakiweka kando ya barabara jioni ya kuamkia siku ya takataka kubwa, mtaa mzima ulikiona na mtaa mzima ulinyamaza. Kiti cha ngozi nyekundu, kizito kama ng'ombe, kimebandikwa stika ya manispaa, ile unayoinunua ili gari likubali kukichukua. Tulikipita kama tunavyopita nguzo ya umeme. Maboksi ya kampuni ya kuhamisha watu yalikuwa yameegemezwa mlangoni pake. Mkewe alishafariki zamani, na mwanawe wa pekee anaishi Osaka. Kilichobaki kujua ni siku tu, nayo iliandikwa kwenye maboksi: Jumamosi.

Aliyeumia ni Yasue. Huyo ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza, mjane kama mimi, anauza figili za moshi mkabala na kinyozi. Kila asubuhi anafungua mlango wakati ule ule ambao Kenkichi anatoka kununua gazeti. "Unakwenda wapi?" "Hapo tu." Kenkichi anainamisha kichwa, Yasue anainamisha kichwa, kisha Yasue anautazama ule mgongo mpaka ukate kona. Miaka nenda miaka rudi, mapenzi yao yote ndiyo hayo. Nimeona konokono wakifanya haraka zaidi.

"Muulize," nilimwambia.

"Nimuulize nini?"

"Hapo ni wapi."

"Haiulizwi, Hatsue. Unajua haiulizwi."

"Basi ataondoka."

"Basi ataondoka," akasema, akaendelea kuipaka figili pumba na chumvi. Aliisugua figili moja ile ile mpaka nikaionea huruma.

Wiki hiyo ndiyo waliyokuja watu wa televisheni kutoka Tokyo. Tamthilia yao ilimhusu mwanamke mmoja, karani wa posta, anayekufa kisha anazaliwa upya: mama yule yule, jina lile lile, surua ile ile. Anaishi tena maisha yake yote tangu mwanzo, anarekebisha jambo moja, anakufa, anarudi tena. Mimi niliwauliza kama kila mara anasoma hesabu za kugawanya upya. Wakasema ndiyo. Nikasema hiyo si tamthilia, hiyo ni adhabu.

Mwongozaji wao, Bwana Kuramochi, alikuwa amepita kwetu miezi ya nyuma kutafuta mtaa, akawaona Yasue na Kenkichi wakisalimiana. Akapenda. Akataka asubuhi yetu iwe alama: kila mara karani akizaliwa upya na kukua, siku moja apite mtaani kwetu, na kila kitu kiwe vile vile. Kinyozi yule yule, mama wa figili yule yule, swali lile lile, jibu lile lile. Na nyuma yao bibi mmoja anapita na kigari chake cha sokoni. Bibi huyo ni mimi. Nilikwenda kutia nywele mawimbi, halafu wakaniambia nitaonekana mgongo tu.

Asubuhi ya kupiga picha, gari la takataka lilikuwa limeshapita likakiacha kiti pale pale, maana hakikuwa na stika. Stika za manispaa yetu hazina gundi ya maana. Zikipata mvuke wa birika kidogo tu zinabanduka zenyewe.

Kenkichi alikizunguka kiti, akainama, akaangalia chini yake, akakuna kichwa. Akataka kukirudisha ndani.

"Acha!" akapiga kelele Bwana Kuramochi. "Hicho kizuri sana! Kibaki hapo. Na kikishaonekana mara moja, kisiguswe mpaka tumalize."

Nikasema moyoni, huyu kijana Mungu amjalie.

Wakaanza. Karani wa posta akatokea kwenye kona, mzuri, mwembamba, amevaa koti la mtu wa mjini. Yasue akafungua mlango.

"Unakwenda wapi?"

"Hapo tu."

Mimi nikageuka nikatazama kamera, nikatabasamu.

"Kata! Bibi, tunaomba usitazame huku."

"Samahani, mwanangu. Nilidhani kuna mtu kaniita."

Tena. "Unakwenda wapi?" "Hapo tu." Figili ikaniponyoka kwenye kigari ikabingirika mpaka miguuni kwa karani. Tena. Nikapiga chafya. Nina chafya nzuri, niliirithi kwa baba, ilikuwa inaamsha farasi. Tena. Gurudumu la kigari likaanza kulia kama paka aliyekanyagwa.

Watu wa televisheni wakaenda kutafuta mafuta ya gurudumu. Yasue akanivuta hadi nyuma ya mapipa yake ya figili.

"Umepagawa? Unatuaibisha mbele ya Tokyo nzima!"

"Nakupa nafasi, mjinga wewe. Yule mwanamke wao mpaka afe ndipo arudie. Wewe unarudia bure, na chai unaletewa."

"Nafasi ya nini?"

"Jumamosi ni kesho kutwa, Yasue. Nina chafya nyingine tatu; nikitumia pilipili, zitakuwa nne. Zikiisha, zimeisha."

Yasue alivua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga upya, vile vile kilivyokuwa.

Wakarudi na mafuta. Tukasimama sehemu zetu. Karani akatokea kwenye kona. Mlango ukafunguliwa.

"Unakwenda wapi?"

"Hapo tu."

Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya chafya. Yasue akasema:

"Hapo wapi?"

Chafya ikanirudi tumboni. Muuza samaki wa pembeni, ambaye hata hakuwa kwenye picha, aliacha kisu hewani. Kenkichi alisimama na kichwa nusu kimeinama, hakijui kiendelee chini au kirudi juu.

"Osaka," akasema mwishowe. "Kwa kijana wangu."

"Osaka siyo hapo."

"Siyo hapo. Ni kweli."

"Na kiti umekitupa."

"Nimnyoe nani, Bi Yasue? Wamebaki wazee watatu, na wawili vipara."

Yasue akakishika kile kitambaa cha kichwa, akakivuta kikatoka.

"Mimi nina nywele," akasema. Akawa mwekundu mpaka masikioni. "Na shingo ya kunyoa pia ninayo."

Hapo hata karani wa posta alisahau kwamba yuko kwenye maisha yake ya pili. Akaziba mdomo kwa mkono.

"Kata!" akasema Bwana Kuramochi, ila kwa sauti ndogo. "Mama, hayo hayamo. Swali moja, jibu moja. Karani akirudi duniani, ninyi hambadiliki."

"Samahani sana," Yasue akasema, akainama mpaka kiunoni. "Halitatokea tena."

"Mara moja inatosha," nikasema mimi. Hakuna aliyenitazama.

Tulirudia. "Unakwenda wapi?" "Hapo tu." Safari hii nilisukuma kigari changu nikanyooka kama treni, na Bwana Kuramochi akasema ni safi kabisa. Kenkichi alikuwa anaona haya kama bwana harusi, lakini kwa mbali, wakasema, inaonekana kama baridi ya asubuhi.

Jioni nilimwona anakivuta kiti ndani, amekishika huku, Yasue kakishika kule, wanasukumana kwa "pole" na "samahani" hata mlangoni hawakujua nani atangulie. Jumamosi lori la kuhamisha lilikuja, likapewa chai na figili, likaondoka tupu. Kijana wa Osaka alipiga simu akafoka. Baba yake alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia ana mteja kitini.

Tamthilia ilionyeshwa majira ya kuchipua. Tuliitazama kwa Yasue. Karani alikufa mara tatu, na mara zote tatu asubuhi yetu ikaja vile vile, na mgongo wangu ukapita vile vile. Mgongo mzuri, nisiseme uongo. Yasue alikuwa amekatwa nywele fupi, shingo inang'aa.

Ilipoisha nikatafuta viatu vyangu. Kenkichi alikuwa jikoni kwa Yasue anaosha vikombe, mikono ya shati imekunjwa, kama mtu anayejua kila kikombe kinakaa wapi.

"Unakwenda wapi, Bi Hatsue?"

"Hapo tu," nikamjibu. "Na wewe?"

Akatazama povu la sabuni mikononi mwake.

"Hapo tu," akasema.

Sikumuuliza zaidi. Mimi nina adabu.