Mashine ya Waqo na Sufuria za Mulki

Kitendawili: ana meno makali, hana tumbo. Msijisumbue, ni mashine ya mwanangu Waqo.

Dadake, binti yangu Amran, ana kiwanda kidogo hapa Bulla Pesa, cha nyirinyiri, nyama ya ngamia ya vipande vidogo inayokaangwa mpaka ikauke. Akampeleka Waqo Uturuki wiki mbili akalete ujuzi. Aliuleta, mashallah, na mashine ya kukata nyama juu yake, na skafu ya sufu shingoni, joto hili la Isiolo.

Siku ya kwanza mashine ilimaliza ngamia mzima kabla ya chai ya saa nne. Tukapiga makofi. Kisha tukageuka kuangalia sufuria ya kukaangia. Ilikuwa ileile moja. Adhuhuri nyama ni mlima, na nzi wameshapata habari. Na mwenye duka wa Eastleigh alikuwa amesema: mzigo ukikosa basi ya jioni tena, ananunua Garissa.

"Nyinyi ndio wazito," Waqo akawaambia wanawake wa kiwandani. "Ng'ambo mtu mmoja anafanya kazi ya kumi."

Kiende, mkaangaji wetu, akafuta jasho. "Walikufundisha kukata. Kukaanga je?"

"Hiyo ni kozi ingine."

"Basi wahi ndege, kaka. Nyama itanuka."

Amran hakucheka. Alikimbia kwa jirani yetu Mulki, anayeweka sufuria za harusi za mtaa. Nikamfuata polepole na magoti yangu.

"Salaam aleikum, Mulki. Tuazime sufuria nne."

"Aleikum salaam. Sufuria zimeenda Uturuki kusoma."

"Mulki, tafadhali!"

"Muulize kakako. Zile za karamu ya kumkaribisha alizirudisha tupu, zinang'aa. Eti kurudisha na chakula ndani ni hasara, ndivyo alivyofundishwa."

Nilitamani ardhi inimeze. Kwetu sufuria ya jirani kurudi tupu ni aibu! Amran akamwita Waqo. Akaja, skafu na yote.

"Nisamehe, Mama Mulki. Nilikosea."

"Nimesamehe. Lakini utakoroga wewe."

Basi alikoroga, sufuria nne, moshi machoni, hatimaye mtu mmoja na kazi ya kumi. Mzigo ukawahi basi.

Asubuhi mwenye duka akapiga simu: vipande vimelingana vizuri, leteni maradufu.

"Mnaona?" Waqo akasema. "Ujuzi wa ng'ambo!"

"Kweli, kaka," Amran akasema, akiijaza nyirinyiri sufuria ya nne. "Sasa mrudishie Mulki sufuria zake. Na usionje njiani."