Upande Usio na Usukani

"Nipite?" aliuliza mume wangu, na mimi nikafumba macho.

Mbele yetu lilikuwa lori la matofali, limeziba barabara kama mlango wa ghala, likipanda mlima kwa mwendo wa mgonjwa. Nyuma yetu magari yalikuwa yamefuatana, kila dereva akimpigia honi aliye mbele yake. Mume wangu alikaa kushoto, ameung'ang'ania usukani kwa mikono yote miwili. Mimi nilikaa kulia, mahali ambapo katika magari mengine yote ya nchi ile hukaa dereva, na mbele yangu hapakuwa na kitu ila kidroo cha kuwekea miwani.

Nchi tuliyohamia watu huendesha upande wa kushoto wa barabara, na usukani uko kulia. Gari letu tulilitoa kwetu, ambako mambo ni kinyume. Kwa hiyo likitokea lori mbele, mume wangu alikuwa kipofu. Ili aone kinachokuja ilibidi alitoe gari zima mpaka katikati ya barabara, na hapo kama kuna basi, basi, mmekwisha. Mwenye kuona alikuwa mimi. Nikisema "Pita," anapita. Nikisema "Ngoja," anangoja. Tangu anioe, hapo ndipo mahali pekee ambapo neno langu lilikuwa sheria.

"Wewe, nakuuliza. Nipite?"

"Cherehani yangu iko wapi?" nikamjibu, macho yangu nimeyafumba vilevile.

Gari lenyewe lilikuwa la michezo, rangi ya ganda la limau, fupi, limelala chini kiasi kwamba kuingia ilibidi uanze na makalio, kushuka ilibidi uombe msaada. Viti viwili tu. Alilinunua watoto wetu walipokwisha kuwa watu wazima wenye nyumba zao, akasema hatuhitaji kiti cha tatu. Nikamuuliza, "Na mama yako akija kututembelea, tumkalishe juu ya boneti?" Hakucheka. Kuhusu gari lile alikuwa hacheki kabisa. Alilifunika kila jioni kwa shuka la pamba, akalifunua kila asubuhi. Mimi nikalipa jina la Bi Mdogo, kwa kuwa mke mwenza nikimwona namjua.

Basi akapata kazi ugenini, kusimamia kiwanda cha dawa. Waajiri wake wakatoa kontena moja la kusafirishia mizigo yetu. Mimi nikatangulia kutafuta nyumba, yeye akabaki kufunga vyombo. Nilipotaka kumwelekeza akanikata kauli. "Nyie wanawake mnafunga mizigo kama mnakimbia vita. Niachie mimi."

Nikamwachia. Nilimwambia jambo moja tu, nikalirudia uwanja wa ndege mbele ya watu: cherehani na meza.

Niseme wazi, mimi ni fundi nguo. Nilikuwa fundi kabla hajanijua, na alipokuwa bado anasoma ni cherehani iliyotuweka mjini. Si ile ndogo ya kukanyaga kwa miguu, la, ni ile nzito ya umeme, ya kiwandani, ambayo wanaume wawili huinyanyua wakiguna. Meza ya kukatia nilichongesha kwa mbao ngumu, ndefu, mtu mzima angeweza kulala juu yake akajinyoosha. Ukingoni mwake nilichora inchi kwa ncha ya mkasi, moja baada ya nyingine, na namba zake, maana futi ya kupimia hupotea kila unapoihitaji. Mabibi harusi wa mtaa mzima walipimwa kwenye ukingo ule, na wengi wao nikaja kuwashonea watoto wao sare za shule.

Kontena lilipofika tulikwenda kulifungulia uwanjani kwa wakala wa forodha, mwanamume mpole mwenye kalamu nyuma ya sikio. Akaikata lakiri, akavuta milango. Bi Mdogo huyo! Amesimama katikati kama bibi harusi, amefungwa mikanda kila upande, na pembeni yake masanduku yetu yamesongwa kama ndugu maskini waliokuja bila kualikwa. Vitambaa vyangu vya satini, majora ambayo sikuwahi hata kuyafungua, vilikuwa vimezungushwa kwenye bampa ili lisichubuke.

Nikavumilia hilo. Kisha nikatazama chini ya magurudumu. Kila gurudumu lilikuwa limekabwa kwa kabari za mbao, mbele na nyuma, ili gari lisisogee baharini. Kabari moja ilikuwa imeelekeza ukingo wake kwangu. Nikainama. Kwenye ukingo ule palikuwa na mistari midogo, na namba, kwa mwandiko wangu.

"Hii ni meza yangu," nikasema.

"Fundi alitaka mbao ngumu," mume wangu akajibu, akilizunguka gari kutafuta mikwaruzo. "Nakwambia, haikupasuka hata kidogo. Ile ilikuwa mbao!"

Ati ananisifia.

"Na cherehani?"

"Inakuja. Mzigo wa pili."

Wakala alianza kuvitazama viatu vyake. Mimi nikasubiri mpaka Bi Mdogo akashushwa, nikaingia kontenani na kuziokota kabari zote, nikazitia kwenye gunia la mchele lililokuwa tupu. Mume wangu akaniuliza za nini. Sikumjibu, kwa sababu ningefungua mdomo siku ile ningetukana mpaka waliokufa.

Mzigo wa pili! Nikaungoja kama mjinga. Kila nikiuliza, meli imechelewa. Kila nikiuliza tena, bandari ina msongamano. Na huku nikingoja, nikawa utingo wa gari lake. Kwenye maegesho mashine ya tiketi ilikuwa upande wangu, mimi ndiye wa kunyoosha mkono. Kwenye njia panda mimi ndiye wa kuchungulia. Siku moja askari wa barabarani alitusimamisha, akaja moja kwa moja dirishani kwangu, akasema, "Mama, leseni." Nikamwambia, "Mwulize huyo, mimi nimebebwa tu." Akachungulia, akautafuta usukani magotini pangu, akaona hamna, akacheka mpaka akashika paa la gari. Mume wangu akasonya. "Asiguse rangi," akaninong'oneza, kama vile ni mimi niliyemtuma.

Nilimchukia. Sisemi nilikasirika, hasira huja na kwenda. Nilimchukia namna alivyokohoa, namna alivyoburuta kiti, namna alivyoniita "mama" akitaka kitu. Mikono yangu ilizoea kazi, na sasa ilikaa mapajani kutwa nzima katika nyumba isiyo na uzi wala sindano, ikisubiri meli.

Kisha asubuhi ya siku ile ya lori, nikiwa navaa viatu, wifi yangu akapiga simu. Ni dada yake mdogo, mtu mzuri, hana hila. Tukasalimiana, akaniulizia hali ya hewa, halafu akasema, "Wifi, samahani nakusumbua. Hii cherehani yako uliyonipa inanikatia uzi kila mara. Ule uzi wa juu unapitishwa wapi kwanza?"

Uliyonipa.

Nikakaa kitandani. Nikamweleza uzi unapita wapi, na kwamba asiukaze sana, na kwamba ile mashine haipendi mafuta mazito. Akanishukuru, akaniombea dua. Yeye hakuwa na kosa, na cherehani nayo haina kosa, inamtumikia aliye mbele yake. Nikakata simu, nikamalizia kuvaa viatu, nikaenda kukaa kwenye kiti changu cha kulia.

Siku ile tulikuwa tunakwenda kwenye ukaguzi. Gari lenye usukani wa kushoto halikuruhusiwa kutembea bila kibali maalumu. Kibali cha muda kilikuwa kinaisha siku hiyohiyo, na mkaguzi, katika mji wa pili, alikuwa anafunga ofisi adhuhuri. Tusipomwahi, Bi Mdogo anasimama. Mume wangu alikuwa amemwosha tangu alfajiri.

Ndipo tukalikuta lori la matofali.

"Fumbua macho!" alinifokea. "Una wazimu? Tutachelewa!"

"Cherehani yangu iko wapi?"

"Nimeshakwambia, inakuja."

"Inakuja na nani? Na dada yako?"

Nilimsikia akibadilisha gia bila sababu. Moshi wa lori ulikuwa unaingia ndani, na nyuma yetu honi zilizidi.

"Tutaongea nyumbani," akasema.

"Tutaongea hapa. Hapa ndipo unaponihitaji."

"Wewe mwanamke, usinijaribu!"

"Nani kakujaribu? Barabara hiyo, pita. Si unajua kila kitu?"

Akapita kweli. Alikuwa na kiburi kuliko akili, na nilipolihisi gari likiyumba kulia nikafumbua macho. Kilichokuja mbele yangu kilikuwa basi, limejaa kioo kizima, taa zinawaka mchana, na lilikuja upande wangu, si wake. Nikapiga kelele, "Ngoja!" Sikuwa nimepanga kusema, mdomo ulisema wenyewe. Akalirudisha gari nyuma ya lori, basi likatupita na honi ndefu, na ubavu wake ukaking'oa kioo changu cha pembeni kama unavyochuma tunda.

Akaegesha majanini. Hakuna aliyemgusa mwenzake.

"Nilimpa dada," akasema hatimaye, akiutazama usukani. "Kontena lilikuwa halitoshi."

"Lilitosha gari."

"Nilidhani... Na cheo hiki, mke wangu ashonee watu? Nilidhani umeshamaliza na mambo hayo."

Umeshamaliza! Si kwamba alisahau, si kwamba nafasi ilikosekana. Alikaa peke yake katika nyumba yetu, akakitazama kile chombo kilichomsomesha, akaamua kwamba mimi nimekwisha. Kisha akachukua msumeno.

Nikafungua mlango. Ilinichukua muda, maana kushuka katika gari lile ilibidi uombe msaada, na mimi sikuuomba. Nikasimama barabarani, nikainama dirishani.

"Siku cherehani itakapoingia nyumbani, ya umeme, ya kiwandani, na meza yake, siku hiyo ndiyo nitapanda tena. Kabla ya hapo utakaa nyuma ya malori."

"Na ukaguzi je?"

Haki ya Mungu, hilo ndilo aliloniuliza. Nikavuka barabara, nikapata basi la kurudi. Jioni alirudi akaniambia alilifuata lori lile mpaka mjini, na alipofika mkaguzi alikuwa ameshafunga geti. Hakuniangalia aliposema.

Bi Mdogo alikaa gerejini miezi mingi, chini ya shuka lake. Mume wangu alikwenda kazini kwa basi, akitembea kwenda kituoni na mkoba wake kama watu wote. Hatukusemezana ila kwa mambo ya chumvi na maji. Kisha siku moja wanaume wawili walishusha mzigo mlangoni huku wakiguna, na kwa kuguna kwao nikajua ni nini kabla sijaona. Meza mpya ikaja siku iliyofuata. Hakusema samahani, nami sikusema ahsante.

"Utaiweka wapi?" akauliza. "Sebuleni haiingii."

"Gerejini."

"Kuna gari."

"Kulikuwa na gari," nikasema.

Tulilisukuma pamoja, yeye kushoto akiwa ameshika usukani kupitia dirishani, mimi nyuma. Likasimama uani, penye mteremko kidogo. Nikaenda kuleta gunia langu la mchele, nikazipanga kabari chini ya magurudumu mwenyewe, namba zikiangalia nje.

Miaka imepita sasa. Kibali alikipata, baada ya kubembeleza sana, na gari linatembea, ingawa mvua imelifubaza rangi. Gereji ina wateja mpaka mlangoni. Mjini anakwenda peke yake, kwa mwendo wa konokono, lakini barabara kuu haendi bila mimi, basi lile lilimfunza. Kwa hiyo Jumamosi nyingine huja akasimama mlangoni pa gereji, amevaa kofia yake, funguo anazichezesha mkononi. Huwatazama wateja, hutazama vitambaa, hujifanya kukagua taa.

Jumamosi iliyopita alisimama hivyo kwa muda mrefu. Nilikuwa nimepiga magoti nikipima pindo la bibi harusi, pini zimejaa mdomoni.

"Nimezitoa kabari," akasema. "Unakuja?"

Nikazitoa pini mdomoni, moja moja, nikazichomeka kwenye pindo.

"Ngoja," nikamwambia.

Akavuta kigoda, akakaa.