Asubuhi Kumi na Moja za Mke wa Seremala

Kila siku, kabla hajapiga hata funda moja la chai, seremala alikuwa anaingia kibandani mwake, anafungua dirisha, anasema, "Mungu wangu, siku ni yako, mikono ni yangu, nielekeze." Halafu anapitisha kiganja juu ya vifaa vyake pale mezani, kimoja kimoja. Msumeno, baridi. Randa, baridi. Patasi, baridi. Nyundo, ya moto. Basi siku hiyo ni ya nyundo, maneno yameisha. Alifanya hivyo miaka arobaini na mbili, tangu alipozikwa fundi aliyemfunza kazi, na hakuwahi kuona kama ni jambo la kumsimulia mtu.

Majirani walijua. Mteja akija kuulizia kabati lake, mke wa seremala alimjibu kutoka kwenye cherehani, bila hata kuinua kichwa: "Leo ni siku ya tupa, baba. Kabati lako ni la randa. Pitia kesho." Mteja anakwenda zake. Atafanyaje?

Kuna siku kilichokuwa cha moto ni kigoda peke yake. Seremala akakaa. Kutwa nzima kakaa kama kuku juu ya mayai, na huku ana paa la mtu linamsubiri mtaa wa pili. Saa tisa hivi ukuta wa ile nyumba ukalala chini, maana mwashi alikuwa ameupunja saruji. Hapakuwa na mtu juu yake. Mkewe akasema, "Mungu akikwambia kaa, kaa. Ila siku nyingine muombe akupashie na jembe, bustani yangu imekuwa msitu."

Ndivyo walivyoishi wale wawili. Watoto walishatoka, kila mmoja na kwake. Yeye na mbao zake, mama na vitambaa vyake, na ugomvi mdogo mdogo wa hapa na pale, ule wa kuyatia maisha chumvi.

Sasa mwaka huo mama akaanza kusumbuliwa na macho. Kipimo chake kilikuwa sindano. Kila asubuhi anatunga uzi, na ukiingia mara ya kwanza anasema, "Bado tupo." Ukawa unaingia mara ya pili. Ukawa unaingia mara ya nne. Jicho la kushoto likapungua taratibu, kama taa inayoishiwa mafuta, na la kulia likaanza kulifuata mwenzake. Nesi wa hospitali kuu akamwambia ni presha ya macho, ugonjwa usiouma lakini hauna huruma. Kinachokwenda hakirudi. Kilichobaki kinalindwa kwa dawa, na dawa lazima aiandike daktari wa macho. "Lakini uwahi, mama," akamwambia, akampa kadi. "Uwahi."

Akawahi. Mwanamke yule hakuna alichowahi kukichelewea maishani isipokuwa harusi yake, na siku hiyo mwenye kosa alikuwa mshonaji wa gauni. Kila Alhamisi saa kumi na moja alfajiri ameshakaa kwenye benchi, kadi mkononi, kitambaa chake cha kijani kichwani. Seremala alitaka kumsindikiza. Akakatazwa. "Wewe umetumwa patasi, mimi nimetumwa hospitali. Kila mtu na njia yake."

Kitabu cha hospitali kilisema daktari wa macho anaingia saa mbili kamili. Daktari alikuwa anaingia saa sita. Anaona watu kumi, anaangalia saa yake kama mtu aliyeibiwa, anaondoka. Wa kumi na moja na kuendelea, rudini wiki ijayo; na mama, pamoja na kuwahi kwake kote, kila mara aliwakuta kumi waliolala pale pale. Na kila mtu alijua asubuhi anakuwa wapi: kwenye zahanati yake mwenyewe, barabara ya pili tu, ambako ukiingia saa mbili unatoka saa mbili na robo. Kumwona kule ilikuwa bei ya cherehani pamoja na meza yake. Seremala aliligusia jambo hilo mara moja tu, mezani. Mama akamjibu, "Nikiuza cherehani, macho ya nini?"

Mtu akikaa kwenye benchi ya hospitali ile tangu alfajiri mpaka adhuhuri, asionwe, yeye anaondoka lakini asubuhi yake inabaki. Inabaki imekaa pale pale alipokuwa. Ina sura yake, nguo zake, kadi yake, ila imechujuka kidogo, kama shati lililofuliwa sana. Haili, haikohoi, haisemi. Inasubiri. Mama alirudi nyumbani Alhamisi ya tatu, akavua viatu, akasema, "Leo nimekaa jirani na asubuhi yangu ya wiki iliyopita. Haina hata salamu."

"Umechoka nayo?" akauliza mumewe.

"Inanibana tu. Imekaa na makalio yangu yale yale."

Basi, mwezi kwa mwezi, benchi zikajaa. Wagonjwa wa kweli wakawa wanakaa sakafuni na asubuhi za watu zimekaa juu kama wakwe. Dada mfagiaji akifika alikuwa anasema, "Haya, miguu juu," na zote zinainua miguu, anapitisha fagio, zinashusha. Malalamiko yakafika kwa katibu wa hospitali, bwana mmoja mpana, mwenye funguo nyingi kiunoni. Katibu akatafakari siku mbili. Halafu akaamua kwamba tatizo ni upungufu wa benchi.

Hapo ndipo damu inapochemka, lakini tuendelee.

Katibu akamletea seremala barua: benchi ishirini, za watu wanane wanane, mwisho wa mwezi. Kazi kubwa hiyo. Fundi mwingine angeruka kwa furaha. Seremala akaisoma, akaiweka chini ya kopo la gundi, kulipokucha akaingia kibandani. Siku ni yako, mikono ni yangu. Msumeno, baridi. Randa, baridi. Nyundo, baridi. Keekee, patasi, tupa, vyote baridi kama samaki. Akagusa kigoda. Baridi. Kesho yake vile vile. Siku ya tatu mkewe alimkuta amesimama katikati ya kibanda, mikono inaning'inia.

"Kakunyamazia?"

"Kaninyamazia."

"Umepapasa kila kitu?"

"Kila kitu."

"Hata huko mifukoni? Maana wewe mifuko yako ni stoo."

Akatia mkono kwenye mfuko wa aproni ya zamani iliyotundikwa ukutani, akautoa haraka, kidole kimeungua. Ndani mlikuwa na bisibisi. Fupi, ya mpini wa mti, ambayo hakuitumia miaka. Akaifunga kwenye kitambaa ili aweze kuishika.

"Bisibisi haitengenezi benchi," akasema mama.

"Haitengenezi."

"Basi utajua ukifika."

Ilikuwa Jumatatu. Akafika hospitali saa tatu asubuhi, akasema amekuja kuchukua vipimo vya benchi, na kweli alikuwa na futikamba mfukoni. Ukumbi ulikuwa mrefu, madirisha juu, ukuta umepakwa rangi ya maziwa yaliyoharibika. Benchi zimejaa mpaka mwisho. Akapita katikati polepole, na katika safu ya nne akamwona mkewe. Halafu mkewe mwingine pembeni yake. Wako kumi na mmoja, vitambaa vya kijani kichwani, wamekaa kwa mpangilio wa Alhamisi zao. Ya kwanza ilikuwa imenyoosha shingo, inaangalia mlango wa daktari kama mtu anayetarajia kuitwa sasa hivi. Ya kumi na moja ilikuwa imeinamisha kichwa, inapapasa kingo za kadi kwa vidole.

Seremala alitoa futikamba, akairudisha. Akamuuliza dada mfagiaji, "Binti yangu, daktari yupo?"

"Kitabu kinasema yupo, babu."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema inua mguu."

Bisibisi ikazidi moto. Kila alipogeukia benchi inapoa, kila alipougeukia mlango wa daktari inawaka. Basi akaenda mlangoni. Mlango ulikuwa na bawaba tatu, kila bawaba skrubu nne. Akaanza na ya juu. Alifanya kazi bila pupa, skrubu anazitia mfukoni ili zisipotee, maana mali ya umma ni mali ya umma. Ya kumi na mbili ilipotoka, akaukumbatia mlango, akauegemeza ukutani.

Ndani mlikuwa na meza, kiti, na koti jeupe limevalishwa mgongo wa kiti. Feni inazunguka. Miwani imefunguliwa juu ya karatasi. Kikombe cha chai, juu kimeshafanya utando. Ungesema mtu katoka sasa hivi kunawa mikono. Na kando ya kikombe, daftari la mahudhurio, limesainiwa saa mbili kamili, saa mbili kamili, saa mbili kamili, mpaka siku ya mwisho ya mwezi ambao ulikuwa bado haujafika nusu.

Asubuhi zote zikasimama. Mamia yake. Zikaja mlangoni kwa foleni, kila moja ikachungulia ndani, ikaona koti, ikageuka. Zilikuwa zinatoka nje kwa mlango mkubwa na kila moja inashika njia ya kwao.

Katibu akaja mbio, funguo zinalia kiunoni.

"Mzee, unafanya nini?"

"Kazi niliyotumwa."

"Mimi nimekutuma benchi!"

"Wewe, ndiyo."

"Mlango wa daktari unang'olewaje na daktari yuko kazini? Si hilo koti lake?"

"Koti naliona," akasema seremala. "Basi liniandikie dawa ya mke wangu."

Mama mmoja aliyekaa sakafuni na bandeji jichoni akapaza sauti, "Hodi, koti! Wagonjwa tumefika!" Ukumbi ukaangua kicheko. Mwingine akauliza kama koti linaona watu kumi au linaweza kuongeza wawili.

Katibu akabadilisha sauti, akaweka ile ya mazishini. "Mzee wangu. Wewe ni mtu wa Mungu, mji mzima unakujua. Subira yavuta heri. Kila jambo lina wakati wake, na wakati wa Mungu hauchelewi."

Seremala aliifunga bisibisi kwenye kitambaa chake kwanza. Hakuwa mtu wa hasira, na hata siku hiyo sauti yake haikupanda.

"Wakati wa Mungu naujua mimi. Naugusa kila asubuhi kwa kiganja hiki, ni wa moto. Hapa mbele ya mlango huu pana wakati wako na wa huyo mwenye koti. Usimsingizie Mungu."

Saa sita daktari akafika. Akaona mlango ukutani, akavaa miwani yake, akavua koti mgongoni mwa kiti, akasema yeye hafanyi kazi kwenye chumba kisicho na faragha, akaondoka. Yule mama wa bandeji akamwambia seremala, si kwa ubaya, "Babu, leo umetukosesha hata wale kumi." Seremala akamwambia, "Najua, mwanangu." Akarudi nyumbani, na neno hilo likamkaa kifuani kama mfupa.

Nyumbani alikuta asubuhi kumi na moja zimekaa kwenye benchi lake mwenyewe, lile la ukutani alilolitengeneza mwaka wa kwanza wa ndoa. Mama alikuwa ameshaziwekea mto.

"Zimekuja zenyewe," akasema. "Nimeziuliza kama zitakula. Hazili."

Katibu naye alifurahi. Benchi zilikuwa tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho, hivyo akaandika ripoti kwamba tatizo la nafasi limetatuliwa, akafuta ile kazi ya seremala, akasifiwa na wakubwa wake. Mlango ukarudishwa siku ya pili yake. Daktari akaendelea kusaini saa mbili na kufika saa sita. Watu wakaendelea kukaa, na asubuhi zikaanza kubaki tena, moja moja.

Alhamisi ile mama alikuwa mtu wa tisa. Akaingia, mumewe kamshika mkono, maana sasa alihitaji kushikwa. Daktari akammulika jicho la kushoto, akammulika la kulia, akaandika, akashusha pumzi kama mwalimu aliyechoshwa na mtoto mjinga.

"Mmechelewa sana, mama. Ninyi watu mnasubiri nini huko majumbani? Mngekuja mapema."

Mama akasema, "Ahsante, daktari." Seremala aliangalia bawaba za mlango.

Jioni ile mama akakaa kwenye cherehani, akachukua sindano ya mkono na uzi mweupe. Akajaribu. Akajaribu tena. Uzi ukapita kushoto, ukapita kulia, na mumewe akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Ndipo asubuhi ya kwanza, ile ya Alhamisi ya kwanza kabisa, ikainuka kutoka kwenye benchi, ikampokea sindano, ikauingiza uzi mara moja tu, kama mchezo, ikamrudishia, ikakaa. Ilikuwa na macho mawili mazima kabisa, meupe pembeni na meusi katikati, kama siku ile ilipofika hospitali na kukaa.

"Ahsante," mama akaiambia, akaanza kushona kwa kupapasa.

Kuanzia siku hiyo ndiyo iliyokuwa inamtungia uzi. Ikichoka, ya pili inatunga kwa mara mbili, na ya tatu kwa mara tatu. Ya kumi na moja haikuwahi kuombwa.

Kesho yake, Ijumaa, seremala akafungua dirisha la kibanda. Siku ni yako, mikono ni yangu. Akapitisha kiganja mezani, akatia mkono mfukoni mwa aproni.

"Umetumwa nini leo?" akauliza mama kutoka ndani.

"Bisibisi."

"Ile ile?"

"Ile ile."

"Basi nenda. Na jembe bado?"

"Bado."

Akafika hospitali saa mbili kamili. Skrubu walizotia safari hii zilikuwa ndefu zaidi, nane kwa kila bawaba. Dada mfagiaji akainua kichwa, akamwona, akarudi kwenye fagio lake. Seremala akaivua bisibisi kitambaa, akaanza na ya juu.