Bawaba za Mlango wa Dharura

Mhandisi Rugemalira alikuwa na kasoro moja tu: alisoma kanuni za majengo na akaziamini. Watu wa Mkuyuni walimsamehe hilo, kwa kuwa alikuwa Mhaya, na Wahaya, walisema, husoma hata maandishi ya kwenye kiberiti.

Ukumbi wa Mkuyuni ulijengwa kwa kujitolea, kila kaya ikileta matofali yake. Katika mchoro wake Rugemalira aliweka mlango wa mbele na mlango wa dharura upande wa nyuma, yote ikifunguka kwa nje, ili watu wakikimbia moto wasukume na kutoka. Mzee Luhaga, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, aliutazama mchoro huo kama mtu aliyetukaniwa ukoo.

"Mwanangu," alisema, "mlango wa kufunguka kwa nje unamsukuma mgeni. Sisi mgeni tunamvuta ndani. Unataka siku ya ufunguzi tumpige mgeni rasmi na ubao?"

"Mzee, watu wakibanana, mlango wa kuvuta haufunguki."

"Wabananie nini? Watu wetu wana adabu. Na huo wa nyuma tutautia kufuli, watu wasije wakachomoka hotuba ikiendelea."

Rugemalira alilalamika ofisini. Mkubwa wake akamwambia asiwagombanishe na Chama kwa ajili ya mbao. Akasaini mabadiliko hayo kwa aibu, ingawa mkewe Bernadetta aliimba kwaya ya akina mama, na kwaya ilipangiwa kona ya nyuma kabisa, kando ya mlango huo wa kufuli. Alimwomba aache kuimba. Bernadetta akamuuliza tangu lini amekuwa na wivu.

Lakini Mungu hamtupi mja wake, na miaka ile alimsaidia Rugemalira kwa njia ya uhaba wa bidhaa madukani. Mlango wa mbele ulikuwa umeshapachikwa mahali pake, wa kuvutwa kwa ndani. Wa nyuma ulikuwa umelazwa chini ukingoja bawaba, na Mwanza nzima bawaba zilikuwa zimebaki kwa Ramesh mwenye duka peke yake, chini ya kaunta. Rugemalira akazinunua zote.

"Unajenga nini, Bwana Mhandisi?" Ramesh aliuliza.

"Sijengi," alisema Rugemalira. "Nachelewesha."

Kamati ilipofika dukani, Ramesh alisema kweli tupu kwamba bawaba hakuna. Basi siku ya ufunguzi tundu la nyuma lilizibwa kwa turubai, na Mzee Luhaga akaomba radhi kwa aibu hiyo kabla hata ya kumkaribisha mgeni rasmi.

Hotuba ilikuwa imefika kwenye kilimo cha pamba pale waya wa kipaza sauti ulipotoa cheche. Mapambo ya karatasi yakashika, kisha dari ya matete. Mlango wa mbele ulikuwa umerudishwa ili kelele za sokoni zisiingie, na hapo adabu ikafanya kazi yake. Watu walimpisha mgeni rasmi, mgeni rasmi akawapisha wazee, wazee wakasema mgeni kwanza, na waliokuwa nyuma yao wakawasukuma wote mpaka wakaugandamiza mlango ukagoma kuvutika.

"Nyuma!" Rugemalira alipaza sauti. Bernadetta alikuwa ameshaling'oa turubai. Kwaya ikatoka, watu wakaifuata, na Mzee Luhaga akatoka ameshikwa mkono na mgeni rasmi, wote wakikohoa. Hakufa mtu. Rugemalira alimkuta mkewe uwanjani, akamkumbatia, akalia mbele ya watu bila kujali.

Kisha ukaja msako wa serikali wa walanguzi na walioficha bidhaa. Mji mzima ulitetemeka, na wengine walitupa sabuni ziwani ili wasikutwe nazo. Rugemalira alishindwa kutupa; chuma kizuri kile kilimwonea huruma, au yeye ndiye aliyekionea. Mgambo wakazikuta bawaba chini ya kitanda, wakampeleka mbele ya kamati ya msako, na mwenyekiti wake naye alikuwa Mzee Luhaga.

"Ukumbi wa wananchi ulikosa mlango," mzee alisema kwa uchungu wa kweli, "kumbe wewe umezilalia bawaba? Zingekuwepo siku ile ya moto, mambo si yangekuwa mengine?"

Rugemalira aliwatazama wajumbe. Hakuna hata mmoja ambaye hakupita kwenye tundu lile.

"Yangekuwa mengine, mzee," alisema. "Mngekuwa bado ndani."

Hata hivyo walimpeleka mahakamani, na hakimu akamfunga, maana kuficha bidhaa ni kuficha bidhaa.

Siku Bernadetta alipokwenda gerezani kumwona, alimweleza kwamba ukumbi umeezekwa upya, na kamati ya ujenzi imepewa zile bawaba. Mzee Luhaga mwenyewe alisimama juu ya fundi mpaka mlango wa nyuma ukapachikwa kama mchoro wa kwanza ulivyosema.

"Unafunguka kwa nje?" Rugemalira aliuliza.

"Kwa nje."

"Na kufuli?"

"Hawajatia."

Rugemalira alifurahi sana, hata askari aliyekuwa akiwalinda akaamuru apekuliwe upya.